Dada Yetu Popo, Aliyesafisha Picha za Dunia Usiku

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni kitindamimba wa nyumba hii. Marehemu ndiye aliyenibeba mgongoni, kwa hiyo mkiona nimekwama mahali, mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, wa kwanza kati ya watoto watano, katika nyumba ya mama iliyo bondeni, kando ya mto. Nyumbani tulimwita Popo. Umeme ulipokatika sisi wengine tulijikwaa kwenye vigoda, yeye alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibiriti. Jirani mmoja alijaribu kumwita Bundi, mama akamjia juu: "Bundi kamtafute kwako!" Basi likabaki Popo.

Alianza masomo mwaka 1981 katika shule ya msingi ya kilimani, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1998 akahitimu fizikia chuo kikuu. Likizo alirudi na sanduku zito, sisi tukilikimbilia tukidhani ni zawadi. Thubutu! Vitabu vitupu.

Mwaka 2000 aliajiriwa katika idara ya picha za setilaiti, ghorofa ya tatu, chumba chenye mapazia mazito. Kazi yake ilikuwa kuboresha picha za dunia zinazopigwa usiku. Picha hizo huja na giza na chenga, kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni, naye aliandika programu ya kuziondoa chenga hizo. Mama hakuielewa kazi hiyo hata kidogo. "Miaka yote hiyo shuleni, ili alipwe kwa kuangalia giza?" Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Humo humo ndimo alimompata shemeji yetu, fundi wa viyoyozi. Dada alimkatalia kuwasha taa, fundi wa watu akafanya kazi kwa tochi. Shemeji husema alipenda sauti kwanza, sura aliiona baada ya kukabidhi kazi. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2004, wakajaliwa mabinti wawili.

Lakini nisiposema habari ya mafuriko ya Aprili 2016, nitakuwa sijasema kitu. Mto ulivunja kingo, simu zikakatika, na mama yumo kule bondeni. Waokoaji walikuwa na boti chache, wakaomba picha za usiku ili wajue wapi kumebaki watu. Picha ya dada ilitoka safi, laini, ya kupendeza, na kwetu bondeni hakuna hata nukta moja ya mwanga. Mkuu wake akasema boti ziende kwingine. Dada aliitazama picha yake mwenyewe, akasema, "Hii imesafishwa kupita kiasi." Programu yake ilihesabu kila nukta ndogo iliyo peke yake kuwa chenga, ikaifuta. Akachukua picha za usiku za siku tatu mfululizo, zile ambazo hazijasafishwa, akazipanga moja juu ya nyingine. Chenga hurukaruka, leo hapa, kesho pale, lakini taa ya mtu haihami. Chenga zote zikafifia, ikabaki nukta moja, juu ya shule ya kilimani, walikokimbilia watu wa bondeni na kuwasha jenereta.

"Pale kuna watu," alimwambia mkuu wake, "na mmoja wao kanizaa."

Boti zilikwenda. Walitolewa wote wakiwa hai, mama akiwa wa mwisho, maana aligombana na waokoaji kuhusu kuku wake. Habari ya kuangalia giza hakuiuliza tena.

Dada alianza kuugua figo Novemba 2021. Hata kitandani hakuacha utani. Alipoonyeshwa picha ya figo zake alisema, "Daktari, niletee mashine hiyo niirekebishe." Alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, na sisi wadogo zake wanne. Na ameacha mama. Jana mama aliniuliza, "Alinitoa kwenye maji ili nije nimzike?" Ninachojua ni kwamba karibu miaka minane tumeendelea kuwa na mama, na miaka hiyo tulipewa na dada.

Dada, pumzika kwa amani. Mama tunaye, tutamtunza.