Mwacheni Feliksi Ale Muwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa, ndugu viongozi wa TANU, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi wazee wetu wa Ujiji, shikamooni.

Mimi Veneranda, muuguzi wa wodi ya watoto, nimepewa kazi ya kumuaga Daktari Leonardi, nami naifanya kwa moyo mzito. Wengine watamsifu kwa watoto aliowatibu. Mimi namsifu kwa swali alilolibeba miaka yote hii, ambalo leo anaondoka bila kulijibu.

Swali lenyewe ni la Honorata wa Kagunga, yule pale nyuma. Alimleta binti yake Semeni kwa mtumbwi, amekonda, kutwa anakunywa maji na kukojoa. Tukakuta ni kisukari, kile cha watoto, ambacho bila sindano mtoto haishi. Semeni alipopata nafuu, mama akamsogeza mdogo wa binti huyo, Feliksi, akauliza: "Na huyu, Daktari, nimkataze nini?"

Nani kati yetu angejibu? Daktari alisema, "Mama, nipe muda." Akapita nyumba kwa nyumba, Kagunga mpaka Simbo, akiuliza watoto wanakunywa maji gani, maziwa gani, na nani aliugua matumbwitumbwi kabla ya kukonda. Kisha watu wakayaacha makazi yao, wakahamia vijiji vya ujamaa. Zahanati na shule tumezipata, Mheshimiwa, wala sizibezi. Lakini anayetafuta chanzo cha ugonjwa katika maji na chakula cha watu, afanyeje akirudi na kukuta mahame? Akaanza upya. Sasa amehamishiwa Tabora, na hakuna aliyeteuliwa kuendelea. Hilo linaniuma.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi tukitafuta, Honorata naye alikuwa anakinga kwa namna yake. Kila alichokipenda Semeni, Feliksi amenyimwa: muwa, maziwa, ndizi mbivu, hata kuoga ziwani na wenzake. Na ukweni wanamwambia kuwa ni yeye aliyemlisha binti ugonjwa.

Juzi nilimkumbusha Daktari kuwa mama huyu bado anangoja. Akasema, "Sista, mimi nitashindwa. Mwambie wewe, mbele za watu, wakwe zake nao wasikie."

Basi, Mama Semeni, jibu ni kwamba hatujui. Hatujui kinacholeta ugonjwa huu, wala cha kuuzuia. Katika yote uliyompikia mwanao, hatukuona hata moja la kukulaumu. Sindano za Semeni zisikose. Feliksi akianza kukonda na kushikwa na kiu, mlete siku hiyohiyo. Mengine yote mwachie, awe mtoto kama watoto wengine.

Daktari, pole kwa muda ulioukosa. Honorata, utusamehe kwa muda uliotungoja.

Feliksi, njoo huku mbele, Daktari amekuwekea kipande cha muwa. Mama yako ameshaitikia, nimemwona.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpisheni mtoto apite.