Mzee Mutinda na Vipepeo Aliowafukuza

Leo, Ijumaa tarehe 29 Juni 2007, Mzee Mutinda Musila anastaafu na kukabidhi funguo za geti na za nyumba ya neti, baada ya miaka kumi na saba katika Bustani ya Vipepeo ya Gataka. Aliajiriwa mwaka 1990 kuchimba mashimo ya nguzo. Nguzo zilipokwisha, hakuna aliyekumbuka kumwambia aende nyumbani, naye hakuuliza.

Wengi wetu tulimjua kwanza kwa harufu ya limau. Viwavi wake hula majani ya mlimau, na hakuna mlimau wa jirani kutoka hapa hadi Nkoroi uliopona panga lake. Aliomba kwa adabu, kisha akakata kwa fujo. Mimi Muthoni, wa kitalu cha miche, ndiye niliyetumwa kuomba msamaha, na mche mpya mkononi.

Mwaka 1995 tulianza kuletewa viwavi wa kipepeo wa msitu wa Ngong ambaye hapa tunamwita Mwigaji. Akiwa mdogo, kiwavi huyu anafanana na kinyesi cha ndege, na ndege humpita tu. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Dume akishageuka kipepeo huwa wa manjano hafifu, mwenye mikia miwili, hata mtoto wa nasari anamtambua. Jike hana mkia wala umanjano. Yeye huiga sura ya vipepeo wengine kabisa, weusi wenye madoa meupe, walio wachungu hivi kwamba ndege akiwaonja mara moja harudii. Hiyo ndiyo salama yake. Shida ni kwamba habari za jike hakuna aliyetuambia.

Mzee alikuwa na sheria yake: nyumba ya Mwigaji ni ya Mwigaji. Wale weusi alidhani wameingia na matawi. Kila asubuhi aliwakamata kwa kopo, akawapeleka getini na kuwaachilia nje kwenye vumbi. Huyu si wetu, alikuwa akisema, bila hasira yoyote. Madume walibaki wakizunguka kwenye neti mpaka mabawa yakachanika, na mayai hayakuonekana. Mzee aliona tatizo ni chakula, akaenda kukata milimau zaidi.

Mwaka huohuo Mulei, kifungua mimba wake, alimleta nyumbani Nashipae, binti wa Kimaasai wa upande wa Kona Baridi. Nashipae alikuja na sukari na majani ya chai, kama inavyompasa mtu anayeingia kwa wenyewe mara ya kwanza. Mzee hakumfungulia. Alisema wasichana wa Kikamba hawajaisha, na kwamba huyu si wetu. Nashipae aliuweka mfuko wake chini, mbele ya geti, akaondoka. Yeye na Mulei wakahamia Kitengela. Mbuzi wa ntheo, wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana ili ahesabike kuwa mke wa mtu, hawakwenda.

Siandiki haya kumchongea. Ameniagiza mwenyewe, tena akanikataza kulainisha.

Asubuhi moja mwaka 1996 alichelewa na kopo lake, akakuta dume wa manjano ameungana mkia kwa mkia na mmoja wa wale weusi, juu ya jani la mlimau. Mzee ni mtu wa kanisa, na wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba dume ameanza tabia mbaya. Lakini hakuwatenganisha. Baadaye alimfungia yule mweusi kwenye mlimau wa peke yake, na kesho yake akaona mayai, moja hapa, moja pale, kwenye majani machanga. Wakatoka viwavi wenye sura ya kinyesi cha ndege. Pembe za rangi ya chungwa zikaja. Mwishowe wakatoka vipepeo wa manjano wenye mikia na weusi wasio na mikia, wote wa mama mmoja.

Siku hiyo alikuja kitaluni akaketi juu ya ndoo, na chakula hakugusa. Aliniambia kwamba muda wote ule alikuwa akiwafukuza akina mama. Nilicheka. Kisha nikaelewa kwamba hatuongei habari ya vipepeo peke yake.

Tangu hapo Mwigaji amejaa tele, na shule zinakuja kutoka Kajiado yote kumtazama. Mzee ndiye aliyewasimulia watoto kosa lake mpaka wakashika mbavu. Wakishaondoka, alijifungia ndani akafagia palipokwisha kufagiwa. Mama Mulei alikwenda Kitengela kuwaona wajukuu, wasichana wawili. Mzee mwenyewe alifika huko mara kadhaa, akanunua mkate, akarudi nao. Aliona haya. Alisema hajui atasimama vipi mlangoni kwa mtu aliyemfungia mlango wake, na kila mwaka uliopita ulimwongezea aibu.

Mwezi uliopita kamati ilimuuliza angependa zawadi gani. Tulikuwa tumeshaafikiana juu ya saa ya ukutani. Aliinamisha kichwa, akasema kama si usumbufu tumsindikize Kona Baridi, kwa sababu mtu hapeleki mbuzi kwa wakwe peke yake. Dalmas wa getini alitokwa na machozi mbele ya kamati, jambo ambalo tumekubaliana kutomkumbusha. Basi mbuzi tumenunua sisi. Wamefungwa nyuma ya kitalu, na miche yangu wameshaila. Tunaondoka kesho asubuhi. Mzee anajifunza kusema takwenya, salamu ya kumpa mama yake Nashipae, na wiki nzima amekuwa akiwaamkua vipepeo.

Mzee Mutinda, ahsante kwa kazi yako na kwa kutuachia Mwigaji. Tunakuombea afya, na siku njema za mbele, na milimau ya Gataka nayo ipumzike.

Kuna jambo hatukukuambia. Mwaliko wa leo ulifika Kitengela pia. Nashipae yuko nje, na wasichana wake wawili, na sukari na majani ya chai. Dalmas alitaka kumfungulia, lakini Nashipae akakataa. Funguo ungali nazo, mzee. Inuka uende getini, sisi tutangoja.