Raphaël Wilondja, Aliyeonyesha Mitaa Iliyomezwa na Ziwa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Raphaël Wilondja, mwongozaji wa wageni hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Raphaël Wilondja alifariki Jumanne iliyopita, mchana kweupe, akiwa kazini. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Kazi yake ilianza kwa furaha. Aliwapeleka wageni kuona mitumbwi ikishusha ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani. Aliwavusha hadi rasi ya Ubwari. Aliwaonyesha vijana wakipanda mawimbi kwa mbao za mitumbwi iliyovunjika, na mgeni aliyetaka kujaribu, Raphaël alimfundisha mwenyewe: lala kifudifudi, ngoja wimbi likunyanyue, ndipo usimame.

Kisha ziwa likapanda. Likameza mtaa wa kwanza, likameza wa pili. Vijana wakawa wanacheza juu ya kuta za nyumba za watu. Mmoja alitoka na msumari mguuni. Tangu siku hiyo Raphaël hakufundisha tena. "Hapa haiko tena mahali ya kucheza," aliwaambia. "Chini iko manyumba ya bantu."

Watalii wakakoma. Waliokuja sasa ni watu wa hapa hapa, waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, wakitafuta kwao. Raphaël aliwasimamisha ukingoni, akawanyooshea kidole majini. Pale palikuwa soko. Pale kanisa. Pale kwa fulani. Wengine walilia. Wengine walimtukana, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta maji. Mkewe, Adolphine, mama yake Divine, anasema jioni chakula kilimshinda. "Aliniambia, Mama Divine, leo nimezika tena mutaa muzima."

Jumanne hiyo alikuja Gentille Etabo. Gentille aliondoka Baraka wakati wa vita, akiwa na miaka minne, mgongoni mwa mama yake. Baba yake alibaki kulinda nyumba, akauawa mlangoni. Gentille alitaka kitu kimoja tu: kujua mlango huo ulikuwa wapi.

"Nilimwambia, onyesha kwa mukono tu, papa, inatosha," anasema Gentille.

Raphaël alikataa. Utotoni alikuwa jirani wa nyumba ile, na hakutaka kumjibu mtoto wa marehemu kwa kukisia. Akavua viatu, akaingia ziwani, akipapasa misingi kwa nyayo. Maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani. Mawimbi yalikuwa makubwa. Mara akageuka, akicheka.

"Gentille! Mi iko pa mulango! Mi nasimama pa mulango ya baba yako!"

Akapiga hatua moja pembeni. Pembeni palikuwa na shimo la choo cha zamani. Akazama. Mkono wake ukaonekana mara moja tu. Gentille alipiga mayowe, akaingia hadi magotini, hajui kuogelea. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walikuja mbio. Walimtoa baada ya nusu saa. Mguu wake ulikuwa umenaswa kwenye mabati.

Msibani, Gentille aliogopa kuingia. Alisimama barabarani tangu asubuhi. Adolphine akatoka mwenyewe, akamshika mkono.

"Ingia, mwanangu. Ikala chini, pembeni yangu. Haiko we ulimuua."

Baadaye akamuuliza jambo moja. "Ile saa alikuita, alikuwa na furaha?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa anacheka."

Adolphine aliinamisha kichwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Makaburi ya ufukoni yamekwisha kuchukuliwa na ziwa. Ndugu walipotaja kiwanja kingine karibu na maji, mjane alikataa. "Mumupeleke kule juu ya mulima. Maji isimufuate."

Ndiko alikolazwa Raphaël Wilondja. Kwako Mama Adolphine, kwa binti yako Divine, na kwa wavuvi waliompokea mikononi mwao, tunawapa pole. Mungu awashike.

Na wewe unayenisikiliza, kaa leo na wazee wako. Waulize nani aliishi wapi. Shika kalamu. Raphaël alizijua nyumba zote za mitaa miwili, moja baada ya moja, na majina ya wenyewe. Alizijua kwa kichwa. Hatukuwahi kumwomba atuandikie.