Alilamba Midomo

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mwenye futi shingoni alikuwa anasimulia jinsi binti yake mfupi alivyonasa pasi ya mwisho ya wapinzani jana, timu yake ikashinda mechi ya mpira wa kikapu kwa pointi moja.

“Bahati tu, dada,” akasema jirani yake wa dirishani, mpaka rangi mrefu ajabu. “Pasi ile aliitoa binti yangu.”

“Si bahati, kaka. Wako akitaka kutoa pasi kulia, hulamba midomo kwanza. Wangu aliliona hilo mapema, akalitunza mpaka mwisho.”

“Basi leo nitamwambia aache.”

“Mwambie. Wangu atatafuta lingine.”

Mpaka rangi akacheka, akalamba midomo. Fundi akavuta magoti kulia, upande wa njia, kumpisha.

“Nani kakwambia nashuka hapa?” mpaka rangi akauliza, huku basi likisimama.