Elkanah Hakuitikia Salamu

Kijiwe chetu hapa Garissa ni benchi bovu mbele ya kibanda cha kahawa cha Samsam, na anayetaka kimya atafute kwingine. Ndiyo maana leo asubuhi tumechanganyikiwa. Elkanah, mwalimu wa hesabu kutoka Kisii, mwenzetu wa kila siku, amepita na begi akielekea steji. Galma, rafiki yake wa chanda na pete, akamsalimu. Elkanah akainamisha kichwa tu, akapita. Jamani! Huku kwetu salamu huulizwa mpaka hali ya mbuzi wako ijulikane. Asiyeitikia ana ugomvi na wewe.

Galma: Wallahi nimeumia. Nimemkosea nini?

Samsam: Hujamkosea. Anaenda Nairobi kwa Wabudha. Wanakaa chini, wamefunga macho, wanatazama pumzi zao. Hakuna kuongea, hakuna simu. Alisema atanyamaza kuanzia leo, azoee.

Akadakia Mowlid, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

Redio: Pumzi inatazamwaje na macho yamefungwa?

Koome naye tunamwita Wakili, ingawa mahakama ameiona kwa nje tu.

Wakili: Mtu hanyamazi bure. Mkewe amempiga marufuku.

Redio: Wapi! Huyo ni jasusi. Anafunzwa asiseme akishikwa.

Wakili: Apeleleze nini, hesabu za darasa la saba?

Redio: Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu!

Wakili: Hapo umenena.

Amenena nini? Mimi sikuelewa, na sidhani Wakili alielewa.

Galma: Nimpelekee mbuzi? Kwetu mtu akikununia, unapeleka mbuzi mnapatana.

Samsam: Huko hawali nyama.

Redio: Hawali nyama! Sasa naogopa.

Wakili: Sikieni. Siku hizi sauti za watu zinanunuliwa, zinawekwa kwa kompyuta. Elkanah ameuza yake. Haruhusiwi tena kuitumia!

Galma: Astaghfirullah! Hata kwa salamu?

Kwenye ncha ya benchi alikuwapo mama mmoja mgeni, anangoja gari la kwenda Kotile. Akageuka.

— Na alipokuwa akiongea, alikuwa akiwaambia nini?

Wakili akachungulia kikombe chake. Mimi pia nilijaribu kukumbuka, sikupata hata neno moja la Elkanah.

Galma: Jana alinishika mkono. Akaniambia jambo.

— Jambo gani?

Galma: Sijui, mama. Nilikuwa nabishana na Redio.

Akaweka kikombe chini, akatoka mbio na ndara zake kuelekea steji. Honi ya basi la Nairobi ilikuwa imeshalia.