Mshahara Ulitajwa

Kwenye basi la kiwanda, fundi kijana aliulizwa mshahara wake na fundi mzee aliyekaa kando yake, naye, kwa utoto tu, akautaja. Mfagiaji aliyekaa nyuma yao akajua asubuhi imeshaharibika.

"Rudia," akasema fundi mzee, aliyemfundisha kazi tangu kushika bisibisi. Kijana akarudia, safari hii kwa sauti ya chini. "Kumbe unanipita." "Mzee wangu, sikujipangia mimi." "Na leo unataka nikufundishe mashine kubwa."

Mfagiaji akakodolea macho dirisha, akiomba wasimkumbuke. Wakamkumbuka. "Mama, hebu tuamulie," mzee akageuka. "Hizi ninazopewa mimi ni pesa?"

Basi likafunga breki getini. Mama akabeba mfuko wake, akashuka wa kwanza. Angepewa yeye hizo za mzee, angeacha kufulia watu nguo kila akitoka kazini.