Mama Hildegardi Ndunguru na Hodi Zake Kumi na Moja

Tarehe 30 Juni 2026, Mama Hildegardi Ndunguru, Afisa Utumishi wa ushirika wetu hapa Mbinga, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Kesho yake, tarehe 1 Julai, mfanyakazi mpya anaanza kazi akiwa kwao Liuli. Tarehe hizo mbili zimeninyima raha mwezi mzima, kwa sababu mimi, Eunice Haule, ndiye niliyeachiwa jukumu la kumpokea.

Mama Hilde aliingia ofisini mwaka 1992 kama mpiga chapa, akahamia masjala, akajisomea hadi akafika utumishi. Kiti chake kina miaka kumi na bado kinang'aa, maana hakikaliwi. Vikaoni husimama mlangoni, mkoba begani, kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Mwaka 2022 ushirika ulipoanza kuajiri vijana wa kujibu simu za wakulima wakiwa makwao, yeye ndiye aliyefungua kikao cha kwanza cha mtandaoni. Alizungumza dakika ishirini, kipaza sauti kimezimwa. Tulikuwa tisa, na hakuna aliyethubutu kumkatiza mkubwa wake. Alipomaliza tukampigia makofi. Alipojua alitununia siku mbili, na ilikuwa haki yake.

Kijana wa kwanza alikuwa Wendelin wa Litembo. Tulimpelekea kompyuta na mkataba kwa bodaboda, tukamuunga kwenye kundi la WhatsApp, tukajiona tumemaliza. Wiki ya tatu akawa anapotea hewani kila siku kuanzia saa nne asubuhi, simu za wakulima zinaita tu. Barua ya kumwachisha kazi niliiandika mimi. Mama Hilde aliisoma, akakataa kuisaini, akapanda bodaboda.

Alimkuta shambani anachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, jasho likimtiririka. Mzee Othmar, baba yake, alikuwa amemwona kijana mzima kajifungia ndani, kavaa vitu masikioni, anacheka na watu wasioonekana. Kwa mzee, mtu aliyepata kazi hutoka nyumbani. Akaamua mwanawe ameanza kuchanganyikiwa, na dawa aliyoijua ni jembe. Wendelin alieleza mpaka akachoka, lakini baba ni baba.

Mama Hilde alitoa shikamoo, akaketi, jambo ambalo kwake ni sadaka. Akaongea mahindi, akaongea kahawa, ugali ukaja ukaliwa. Ndipo akaomba Wendelin apokee simu moja, kila mtu asikie. Alipiga mkulima wa Mpepai, kahawa yake inapukutisha majani, anauliza kwa Kimatengo afanyeje. Mzee Othmar akadakia kujibu, tena akakosea, na mwanawe akamsahihisha kwa adabu. Hapo mzee akaelewa. Siku hizi ndiye anayefukuza kuku dirishani saa za kazi. Barua yangu niliichana, na aibu ninayo hadi leo.

Tangu hapo hakuna aliyeanza kazi kabla Mama Hilde hajapiga hodi kwao. Vijana kumi na mmoja, kuanzia Ruanda yetu ya hapa Mbinga hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, na wote bado tunao. Tulikuwa tukimtania kwamba ofisi imehamia mtandaoni, yeye kahamia barabarani.

Sasa ni zamu ya Glorious wa Liuli, huyo anayeanza tarehe 1 Julai. Juma lililopita nilimaliza naye kila kitu kwa simu, saa moja tu: nywila, kamera, zamu. Nikauliza kama ana swali. Akauliza nani atamweleza bibi yake, anayemtegemea kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, asubuhi. Bibi yuko msibani Mbamba Bay na anarudi tarehe 30, siku hii hii ya sherehe ya kumuaga Mama. Nilimwomba Mama Hilde anisindikize baadaye, akakataa katakata. Alisema hodi ya baadaye ni ya kusuluhisha, si ya kukaribisha. Kisha akaniagiza nikifika nisianze na habari za kazi.

Kwa hiyo wasifu huu atawasomea Meshack wa masjala. Mkiwa mnakula pilau, mimi nitakuwa nateremka kwenda ziwani, sijui kama bibi atanielewa. Najua tu kwamba kumuaga Mama Hilde ukumbini, ilhali Liuli hakuna aliyefika, kungekuwa kumtukana.

Mama, tunakushukuru kwa yote. Mungu akujalie ustaafu wenye afya, amani na furaha. Kwenye picha ya pamoja, msinisubiri.